Jicho lililochanika halingoji foleni

Katika chumba cha dharura cha hospitali yoyote ya kaunti, wauguzi wana desturi yao ya kuamua nani aonwe kwanza. Anayevuja damu hupitishwa mbele. Aliyezimia hubebwa. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu hupishwa njia. Desturi hiyo ni ya haki na hakuna mwenye akili timamu atakayeilaumu. Lakini kwenye benchi lilo hilo, nyuma kabisa, huenda ameketi mtu aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, asiyelia, asiye na jeraha wala homa, ambaye akiulizwa ana nini hujibu kwa kusitasita kwamba tangu jana anaona vimulimuli kando ya jicho moja, na vidoa vyeusi vinaelea mbele yake kama nzi. Aghalabu mtu kama huyo huandikiwa dawa ya matone, huambiwa kwamba macho yamechoka, na hutakiwa arudi siku ya kliniki ya macho, yaani Alhamisi ijayo. Kufikia Alhamisi hiyo, jicho huenda limekwisha kupofuka.

Nasema wazi tangu mwanzo kwamba hali hiyo ni dharura sawa na dharura nyingine, na kwamba namna tulivyozipanga huduma za macho humu nchini haiitambui.

Ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, mna ute ulio wazi mfano wa ute wa yai bichi, kiasi cha mililita 4 hivi. Ukuta wa nyuma wa jicho umetandazwa retina, utando mwembamba mno ambao kazi yake ni kuupokea mwanga na kuupeleka ubongoni. Tukiwa vijana, ute huo huijaza nafasi yote na kushikamana na retina. Umri ukisogea, hasa baada ya miaka 50, ute huanza kugeuka majimaji, hunywea, kisha hujibandua kutoka kwenye retina. Kwa watu wasioona mbali jambo hili huja mapema zaidi. Vivyo hivyo kwa mtu aliyepata kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au aliyepigwa jicho kwa ngumi, kwa mpira au kwa jiwe.

Sasa retina haijui maumivu. Inachokijua ni mwanga tu. Ikivutwa na ule ute unaojibandua, hulalamika kwa lugha hiyo moja iliyo nayo, na mwenye jicho huona mmweko wa mwanga mahali pasipo taa. Mimweko hiyo huonekana zaidi gizani, pembeni mwa jicho, mtu anapogeuza macho kwa ghafla. Vile vidoa, kwa upande wao, ni vivuli. Huweza kuwa vivuli vya mafundo ya ute uliojikunja, ambavyo havina neno. Lakini huweza pia kuwa vivuli vya damu iliyodondoka kutoka kwenye mshipa uliokatika, au vya chembechembe zilizomwagika kutoka kwenye retina iliyochanika. Wagonjwa huvieleza kwa namna nyingi: mmoja husema ni utando wa buibui, mwingine ni masizi, mwingine ni mvua ya vijidoa iliyomshukia kwa mara moja. Huyo wa mwisho ndiye wa kumkimbilia kuliko wote.

Kwa walio wengi, mambo huishia kwenye ute kujibandua salama. Mimweko hukoma baada ya wiki kadhaa, na vidoa ubongo huvizoea. Sitaki msomaji aliyeona kidoa kimoja miaka kumi iliyopita, na kidoa hicho hakijabadilika tangu hapo, aliache chai yake na kuomba ambulensi. Ninayemzungumzia ni mtu aliyepatwa na dalili hizo kwa ghafla, leo au juzi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la kitabibu la JAMA la Marekani, uliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali, ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa aina hiyo ambao ute wao ulikuwa umejibandua, kiasi cha 14 katika kila 100 walikuwa na ufa katika retina. Ni kama mmoja kati ya saba. Tukiambiwa kwamba basi moja kati ya saba yaendayo Kisumu halina breki, sidhani kwamba tungewaambia abiria warudi Alhamisi kulikagua.

Tena hakuna njia ya kumtambua huyo mmoja kwa kumtazama usoni. Jicho lake si jekundu wala halitoki machozi. Huenda akasoma herufi zote ukutani hadi mstari wa mwisho, kwa maana ufa hutokea pembeni ilhali kusoma ni kazi ya katikati. Njia ni kumtilia matone ya kupanua mboni, kisha mjuzi akaitazama retina hadi ukingoni kabisa, kwa taa ya kuvaa kichwani na lenzi ya mkononi. Kabla ya hapo, hata afisa wa kliniki aliyesomea macho aweza kupata fununu muhimu kwa darubini ya kawaida ya macho: akiona chembe za rangi ya kahawia zikielea ndani ya ute, kama vumbi la tumbaku, na ajue kuna ufa mahali fulani ingawa hajauona.

Ufa ukiwa bado ni ufa, tiba yake ni ya dakika chache. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, huketi mbele ya mashine, na daktari huuzungushia ule ufa alama ndogo ndogo za moto wa leza. Alama hizo zikipona huacha makovu, na makovu huigandisha retina ukutani. Mgonjwa hulala kwake siku iyo hiyo. Ufa wenye dalili usipotibiwa, takribani nusu ya wagonjwa huishia kubandukwa na retina. Ukitibiwa mapema, wanaofikia hatua hiyo ni chini ya 5 katika kila 100. Waliotuachia methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na habari za retina, lakini sijaona maelezo bora zaidi ya ugonjwa huu katika kitabu chochote.

Maana ukuta wenyewe ni mgumu kuujenga. Maji ya ndani ya jicho yakipenya kwenye ufa, huingia nyuma ya retina na kuibandua kama rangi inayobambuka kwenye ukuta wenye unyevu. Mgonjwa huona kivuli kikianza upande mmoja na kusonga mbele kama pazia linalovutwa. Sehemu ya retina iliyobanduka imekatwa na kile kinachoilisha, na chembe zake huanza kufa. Ufa ukiwa juu, maji hushuka kwa uzito wake, na kwa muda wa siku chache, pengine saa chache, huifikia makula, ile sehemu ndogo ya katikati, isiyozidi punje ya hindi, ambayo kwayo tunasoma, tunashona, tunatambua nyuso. Makula ikiwa ingali imeshika, upasuaji hutakiwa ufanywe siku hiyo au ya pili yake, na mgonjwa huweza kubaki na uono aliokuja nao. Ikiisha kubanduka, bado kuna haraka: siku tatu ni bora kuliko saba, na saba ni bora kuliko mwezi. Baada ya hapo retina yaweza kurudishwa mahali pake ikashika vizuri kabisa, na mwenyewe bado asiweze kusoma gazeti.

Na si zamani sana ambapo hata hilo halikuwezekana. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliamini kwamba retina iliyobanduka haina tiba. Aliyewapinga ni Jules Gonin wa mji wa Lausanne, Uswisi, aliyeshikilia kwamba chanzo cha maradhi ni ule ufa, na kwamba ukitafutwa ukapatikana na kuzibwa, retina itarudi. Aliuziba kwa ncha ya chuma iliyotiwa moto. Wakuu wa fani walimbeza kwa miaka, hadi mkutano wa kimataifa wa Amsterdam wa mwaka 1929 ulipomkubali. Baadaye Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath, akiwatibu watu waliojiunguza macho kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945, aliwaza kwamba mwanga ule ule unaounguza waweza kuunganisha. Kutoka kwake ndipo tulipopata njia iliyotufikisha kwenye leza. Mwaka 1970 Robert Machemer, huko Miami, alianzisha upasuaji wa kuuondoa ute wenyewe kupitia matundu madogo. Yote hayo yamekwisha kufanyika. Maarifa tunayo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye maarifa hayo kabla pazia halijafunga.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Mandera, mwenye umri wa miaka 55 na miwani mizito. Jumamosi usiku anaona mimweko. Jumatatu anakwenda kwenye duka la dawa, kwa sababu ndilo lililo karibu, na anauziwa matone. Jumatano kivuli kinaanza. Alhamisi anafika hospitali na kuandikiwa rufaa. Nairobi ni mwendo wa takribani kilomita 1,000. Atauza mbuzi, atatafuta jamaa wa kumpokea, atapanda basi, na akifika ataambiwa kuna foleni. Sina haja ya kuhesabu siku zake. Na Mandera nimeitaja kwa umbali wake tu. Murang'a, iliyo karibu na Nairobi, mambo yaweza kuwa yale yale, kwa kuwa anayechelewesha zaidi si barabara bali ni mtu wa kwanza aliyeulizwa, aliyejibu kwamba si kitu.

Hata baada ya upasuaji nchi yenyewe ina vikwazo vyake. Mara nyingi daktari huacha kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiikandamize retina hadi ishike, na mgonjwa hutakiwa kukiweka kichwa katika mkao aliopangiwa, pengine kifudifudi, kwa siku kadhaa. Gesi hutanuka mtu apandapo juu. Kila mmoja huonywa asipande ndege. Lakini ni wangapi wamepata kufikiri juu ya mgonjwa aliyepasuliwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, anayerudi Eldoret kwa matatu kupitia Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700? Au aliyetibiwa Mombasa akapanda basi la usiku kuja bara? Shinikizo ndani ya jicho laweza kupanda njiani hadi kuuhasiri mshipa wa kuonea. Vitabu tunavyovitumia viliandikwa na watu wa nchi tambarare. Sisi tuna Bonde la Ufa. Aliye na gesi jichoni asiruhusiwe kuondoka kabla ya kuulizwa kwao ni wapi na atapita njia gani.

Kwa nini tumefika hapa? Si kwa uzembe wa mtu mmoja. Huduma zetu za macho zilijengwa kupambana na maradhi yanayongoja. Mtoto wa jicho hungoja: ukipasuliwa mwezi huu au mwaka ujao, utaona. Trakoma huharibu kope kwa miaka. Mpango wa Vision 2020, uliozinduliwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake, uliyapa kipaumbele maradhi hayo pamoja na usubi, upofu wa watoto na upungufu wa miwani, na ulifanya hivyo kwa haki, maana ndiyo yaliyokuwa yakipofusha watu wengi na yenye tiba nafuu. Kenya ilifuata njia hiyo na ikafanya vizuri. Hospitali kama ile ya macho ya Kikuyu na ya Sabatia huko Vihiga zimewarudishia uono maelfu ya watu. Maafisa wa kliniki waliosomea macho katika chuo cha KMTC wamefika hadi wilaya ambazo daktari bingwa hajapata kuzikanyaga.

Lakini mfumo uliozoea maradhi yanayongoja huota tabia ya kungojesha. Una siku za kliniki. Una kambi za macho mara moja kwa miezi kadhaa. Una daftari la miadi. Mlango wake hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mgonjwa wa retina akiingia humo huhesabiwa kuwa mgonjwa wa macho, na mgonjwa wa macho, kwa mazoea, si mtu wa haraka. Migomo nayo imetuonyesha ubaya wa mazoea hayo. Mwaka 2017 mgomo wa madaktari ulikuwa umefikisha siku 100 ulipomalizika, na ule wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Wenye mtoto wa jicho waliumia kwa kusubiri, kisha wakatibiwa. Mwenye retina iliyobanduka siku ya kwanza ya mgomo hakuwa na cha kusubiri.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Wengi husoma maneno hayo wakawaza ajali ya barabarani. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeyafafanua matibabu ya dharura kuwa ni huduma inayohitajika mara moja ili kuzuia kifo au kuzidi kuharibika kwa hali ya mgonjwa, na katika haki hiyo imejumuisha kupanga rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo. Nalisisitiza neno au. Bunge halikusema kwamba dharura ni kufa tu. Retina inayobanduka saa baada ya saa ni hali inayozidi kuharibika kwa maana iliyo wazi kuliko zote, na hospitali inayomwambia mgonjwa huyo arudi wiki ijayo, bila kumtazama wala kumpangia rufaa, kwa maoni yangu haijatimiza wajibu wake wa kisheria.

Sheria za bima ya afya za mwaka 2023 ziliunda pia hazina ya dharura na maradhi sugu, kando ya ile ya bima ya jamii ambayo wafanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao kuichangia. Ningependa hazina hiyo itaje dharura za macho kwa majina yake: retina iliyochanika au kubanduka, jicho lililotobolewa, jicho lililomwagikiwa kemikali, shinikizo la ghafla la glakoma. Jambo lisilotajwa kwa jina hubaki mikononi mwa karani, na karani hulipa kile anachokiona kwenye orodha.

Najua atakayepinga atasema kwamba madaktari wa upasuaji wa retina ni wachache na wamejazana Nairobi na miji michache, kwa hiyo kuwakimbiza wagonjwa ni kuwapeleka kwenye mlango uliofungwa. Ni kweli kwamba ni wachache. Kwa sababu hiyo hasa, nafasi yao haifai kuliwa na macho ambayo yangeokolewa kwa leza siku nne mapema. Kila ufa unaozibwa kwa dakika chache ni chumba kimoja cha upasuaji kilichobaki wazi kwa mwingine. Leza haihitaji chumba cha upasuaji wala dawa ya usingizi, na daktari wa macho asiyebobea katika retina aweza kufunzwa kuitumia kwa kazi hii. Kaunti tano au sita jirani zikichangia mashine moja na mtu mmoja wa kuitumia, fedha zake zitarudi.

Kuna mambo mengine yasiyohitaji hata senti. Mezani pa kupokelea wagonjwa, kila anayelalamikia jicho aulizwe maswali matatu: dalili zilianza lini, je, anaona mimweko au vidoa vipya, na je, kuna kivuli upande wowote. Akijibu ndiyo, ahamishwe mbele ya foleni. Kisukari kiulizwe pia, kwani kwa wenye maradhi hayo vidoa vya ghafla huweza kuwa damu itokayo kwenye mishipa dhaifu, na damu ikizuia daktari kuona nyuma, ile mashine ya mawimbi ya sauti inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni yaweza kuonyesha kama retina imebanduka. Wauza miwani na wenye maduka ya dawa, ambao ndio hasa madaktari wa kwanza wa macho katika nchi hii tupende tusipende, wapewe maagizo hayo hayo, na wakatazwe kuuza matone kwa dalili zisizotibika kwa matone yoyote. Kila anayepasuliwa mtoto wa jicho aelezwe anapotoka kwamba akiona mimweko siku yoyote baadaye, arudi bila kungoja miadi. Na hospitali za rufaa ziwe na nambari moja ya simu ya macho inayojibiwa Jumapili, ili afisa wa kliniki wa Lodwar ajue kabla ya basi kuondoka kwamba mgonjwa wake anatarajiwa.

Wapo watakaochanganya haya na kipandauso. Mwanga wa kipandauso kwa kawaida huonekana kwa macho yote mawili, una mistari ya misumeno, huenea polepole kwa dakika 20 au 30 kisha hutoweka, mara nyingi ukifuatwa na maumivu ya kichwa. Ule wa retina huwa wa jicho moja, wa nukta tu, na hurudiarudia. Mwenye shaka aifanye ionwe; shaka si sababu ya kulala.

Msomaji ambaye dalili hizi zimemwanza leo afunike jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, na kila mara atazame juu, chini, kulia na kushoto aone kama kuna sehemu iliyoingia giza. Awe ameona giza au hakuliona, aende penye daktari wa macho leo hii, na pasipokuwepo aende hospitali iliyo karibu, na atakapoulizwa shida yake asiseme macho yanamsumbua. Aseme kwamba anahofia retina yake imechanika, tena aombe itazamwe kwa mboni iliyopanuliwa. Achukue mtu wa kumshika mkono, kwani yale matone yatamtia ukungu kwa saa kadhaa na hatakuwa wa kuendesha gari wala bodaboda.